Mwamba wa Kupuria Ndengu

Nilisoma mpaka darasa la saba, tena kwa kurukaruka, kwa hivyo anayetafuta Kiswahili cha mwalimu hatakipata hapa. Nina mazoea ya kuandika mambo ya siku yangu: nimepalilia wapi, nani amepita, mvua imenyesha au imetudanganya. Lakini siku zile sikuandika hata neno moja. Haya ninayatoa kichwani, na kichwa cha mtu aliyefiwa si ghala lisilovuja. Nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Wengi wetu wa upande wa Kanyakine tuna mashamba mawili. La juu ndiko nyumbani, kwenye kahawa na migomba na ng'ombe wa maziwa. La chini liko kule kwenye joto. Unashuka alfajiri na kufika jua likiwa limeshakupiga vya kutosha. Huko tunapanda ndengu na mtama, maana huku juu ndengu huota majani tu. Sasa mavuno ya ndengu huja wakati kahawa nayo inaiva, na kahawa ikiiva haimngojei mtu. Kwa hivyo wanaume tunabaki na kahawa, wanawake wanashuka, wanalala kule kwenye kibanda, wanavuna, wanapura, wanapepeta, halafu magunia yanapandishwa na pikapu ya yeyote mwenye nafasi. Ndivyo walivyofanya wazazi wetu. Sisemi ni vizuri wala vibaya.

Mwaka ule walishuka wanne. Mke wangu. Jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, ambaye mke wangu alimwita dada ingawa hawakuzaliwa pamoja. Mama mmoja mzee wa kwaya, aliyekuwa na nguvu kuliko wasichana. Na mke mchanga wa kijana wa pale juu, ambaye hata kuni za harusi yake zilikuwa hazijaisha.

Mke wangu alipokuwa akifunga mzigo aliniagiza mambo mengi na sikuyashika yote. Nakumbuka moja. Alisema, "Mvua ikija, tega pipa. Usisimame hapo ukiniangalia njiani na maji yanamwagika." Watoto walicheka, kwa sababu walijua mimi ni mtu wa kusahau pipa.

Kando ya shamba letu la chini kuna mto mkavu. Nauita mto kwa sababu sasa najua. Zamani hatukuuita hivyo. Kwetu mto ni kitu chenye maji, unausikia ukiwa umelala kitandani. Ule ulikuwa mchanga tu, mweupe, mpana kama barabara kubwa, na katikati yake mwamba bapa, laini kama sakafu ya duka. Ukipura ndengu shambani, udongo na vijiwe vinaingia, na mnunuzi akiona kijiwe kimoja anakunja uso. Ukipura juu ya mwamba zinatoka safi kama zimeoshwa. Wenyeji nao walikuwa wakipura hapo hapo. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu baadaye wako waliosema wake zetu walikuwa wajinga kukaa mtoni. Mwamba ulikuwa wa kila mtu.

Tofauti ilikuwa moja tu. Mwenyeji, kabla hajakanyaga mchanga, hugeuka akautazama mlima. Ukiwa umefunikwa na umekuwa mweusi, hashuki, hata kama pale aliposimama jua linachoma na hakuna tone. Sisi tunaishi begani mwa mlima huo huo. Kwetu mlima kujifunika si habari. Unajifunika karibu kila siku na kujifunua ukitaka. Mtu wa kwetu akianza kuogopa wingu la mlimani hatatoka nyumbani.

Mvua ilitupata kwenye kahawa. Haikuwa mvua ya kuanza polepole. Ilikuja kama mtu aliyemwaga karai. Tulikimbia na vikapu mpaka nyumbani, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nikakumbuka pipa. Nililisogeza chini ya mabati na likajaa nikiwa bado nimelishikilia. Likamwagika. Nikaweka sufuria, nikaweka ndoo, nikaweka hata beseni la kuogea. Watoto walikuwa wakirukaruka kwenye matope na sikuwakataza. Niliwaambia mama yao akirudi atajua kwamba hata mzee anaweza kufunzwa. Nilikuwa na furaha. Mara nyingi nimejaribu kukumbuka kama kulikuwa na kitu chochote moyoni, wasiwasi kidogo, kama wengine wanavyosimulia kwamba walihisi. Sikuhisi kitu. Nilikuwa mtu aliyelowa na mwenye furaha, na mfereji ulikuwa ukinguruma, na maji yote hayo yalikuwa yakishuka.

Kesho yake alikuja dereva wa pikapu. Hakuzima injini. Alisema mto wa kule chini umeshuka na watu, na akataja shamba la nani.

Tulishuka wanaume wengi, pamoja na kaka wa mke wangu, shemeji yangu, ambaye ni fundi wa nyumba na mtu wa hasira za karibu. Tulimkuta jirani yetu ameketi mlangoni mwa kibanda, na mkononi ana sindano ya kushonea magunia. Hiyo sindano ndiyo iliyomwokoa. Alikuwa amepanda ukingo kuifuata. Akiwa kibandani alisikia ngurumo, akadhani ni lori. Alipotoka akaona maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamesimama wima, yanasukuma magogo mbele yake. Alisema mke wangu alikuwa bado juu ya mwamba na uteo mkononi, na kwamba alimtazama. Siku nyingine alisimulia akasema hakumwona uso. Simlaumu. Labda lile la kwanza alilisema ili mimi nipate kitu cha kushika, au la pili alilisema ili nikiache.

Pale pale alikuwepo nyanya mmoja mwenyeji, ambaye shamba lake linapakana na letu. Shemeji alimuuliza kwa ukali kwa nini watu wa huku hawakuwaonya wageni. Nyanya hakukasirika. Alisema aliwaonya. Alipita pale na mbuzi wake akawaambia mlima umekuwa mweusi, watoke.

Tukamgeukia jirani yetu. Alikuwa akiizungusha ile sindano.

"Ni kweli alituambia," akasema. "Mama watoto akamjibu, 'Nyanya, huo mlima ni wetu, tunaujua. Huwa mweusi hivyo kila siku.' Tukacheka. Hata nyanya alicheka."

"Nilicheka, ndiyo," nyanya akasema. "Nilidhani watu wa mlima wanajua mlima."

Maneno hayo nimeyageuza pande zote. Sijaona mahali pa kuweka lawama. Nyanya alisema la haki. Mke wangu naye hakusema uongo. Mlima ule ulikuwa wetu na kweli ulikuwa mweusi kila siku. Hata mimi ningejibu vile vile, na pengine kwa kiburi zaidi.

Tulianza kutafuta kwa njia ya kwetu. Mito ya juu ina mawe na maporomoko, na mtu akichukuliwa hupelekwa mbali mpaka anaswe kwenye mizizi. Kwa hivyo tulishuka na kamba na mapanga tukifuata kingo, tukikata vichaka, tukichungulia kila lundo la matawi. Maji yenyewe yalikuwa yameshakwisha. Hilo ndilo lilinivunja nguvu. Nilitarajia nikute adui, nikakuta mchanga uliolowa na vidimbwi, na ndege wakinywa.

Wenyeji walikuwa na njia yao. Kulikuwa na vijana wachimba mchanga, ambao hupakia malori ya kupeleka mjini kwa ujenzi. Wao walisema mto ule hauchukui mtu mbali, unamfukia. Walikuwa na vyuma virefu vya ujenzi, wanavizamisha kwenye mchanga kwa nguvu, wanavichomoa, halafu wananusa ncha. Wananusa na kusogea hatua moja. Nilipowaona mara ya kwanza nilitaka kuwafukuza. Baadaye nami nilipewa chuma changu.

Mkubwa wao alikuwa kijana mrefu asiyependa maneno. Shemeji alimwambia huko kupoteza wakati karibu na mwamba ni uvivu wa kutotaka kutembea. Yule kijana akamjibu bila kuinua kichwa:

"Nyinyi watu wa juu, maji mkiwa nayo mnaimba. Yakifika huku ndiyo mnakuja na kamba."

Shemeji alikwenda kumshika shati. Tukamzuia. Yule kijana alizidi kuzamisha chuma. Jioni ndipo nyanya alipotueleza kwamba mto ulimchukua pia kaka wa yule kijana, mchunga mbuzi, pamoja na mbuzi wake, na kwamba kijana alikuwa amemzika asubuhi ile ile kabla ya kuja kuchimba na sisi.  Shemeji akaenda akachukua koleo na kusimama upande wa yule kijana, na sikuwasikia wakisemezana tena, lakini walichimba pamoja.

Nimesema nitakuwa wa haki. Basi wenyeji walikuwa na haki, kwa sababu mama wa kwaya alipatikana chini ya mchanga, karibu sana na mwamba, mahali ambapo sisi tulikuwa tumepita juu yake tukienda mbali. Na sisi tulikuwa na haki, kwa sababu yule mke mchanga alipatikana mbali sana, karibu na pale mto mkavu unapoingia mto mkubwa, amenaswa kwenye mizizi kama tulivyosema. Mto haukufuata desturi ya mtu yeyote.

Habari za huyo wa pili zilitufikia vibaya. Mtu alipiga mbio akasema mwanamke amepatikana. Hakusema yupi. Mimi na yule kijana wa kwetu juu, mume wa mke mchanga, tulianza kutembea bega kwa bega kando ya mto, jua likituchoma, hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilikuwa nikiomba awe wangu. Nafikiri naye aliomba asiwe wake, aliomba wake awe bado amekaa juu ya mti mahali fulani, kama vijana wanavyoomba. Tulifika akafunuliwa kitambaa. Kijana akaketi chini. Mimi nikabaki nimesimama, na uchungu niliousikia ulikuwa wa mtu aliyenyimwa. Mpaka leo sijui kama ni haki kusema hivi, lakini kijana yule alirudi nyumbani na mke wake, na mimi nikarudi na chuma.

Shida ni kwamba ile habari ilipanda hadi nyumbani ikiwa haijakamilika. "Mwanamke amepatikana" ilipofika kwetu ilikuwa imeshakuwa "mama fulani amepatikana," yaani mke wangu, na majirani, kwa wema wao, wakachimba kaburi. Waliona tutafika tumechoka. Walilichimba vizuri, nyuma ya nyumba, karibu na migomba aliyoipanda yeye mwenyewe. Niliporudi mikono mitupu nilikuta shimo na watu wazima wamelizunguka wameinamisha vichwa.

Kwetu shimo la kaburi haliachwi wazi. Likichimbwa lazima lipewe kitu, ama sivyo, wazee wanasema, litajitafutia lenyewe. Huwekwa mgomba, ukafukiwa. Wazee wa ukoo walitaka hivyo na walitaka upesi, kwa sababu ya watoto. Mzee wa kanisa alisema yeye hana ugomvi na mtu, lakini hawezi kusimama na Biblia kuombea mti. Alisema tukifukia mgomba leo na mama akipatikana kesho, tutakuwa tumemzika mara mbili. Wazee wakamuuliza, kama hatapatikana kabisa? Akasema basi atakuwa mikononi mwa Mungu, na Mungu hahitaji mgomba. Mzee mmoja wa ukoo akasema Mungu hahitaji, lakini shimo linahitaji. Kuna mtu alicheka, halafu akaona haya.

Nilisikiliza pande zote mbili na kila aliyesema niliona amesema kweli. Huo ndio ugonjwa wangu. Walinigeukia niamue na nikashindwa. Nilitazama shimo. Lilikuwa limechimbwa sawasawa, pembe zake zimenyooka. Nikafikiri tu kwamba mvua ikinyesha litajaa maji, na hilo sikuweza kulivumilia.

"Wekeni," nikasema.

Shemeji akachukua panga akaenda kwenye migomba. Akachagua mmoja uliokwisha kuzaa. Akaukata, akauangusha, akauliza bila kunitazama, "Alikuwa anakufika wapi?"

Alikuwa dada yake. Alimjua tangu utotoni. Lakini mtu hakumbuki vitu kama hivyo. Niliinua mkono nikauweka sikioni mwangu. "Hapa," nikasema. Akaja akasimama karibu, akapima kwa macho, akarudi akaukata mgomba pale. Maji ya mgomba yalimrukia shati, yale yasiyotoka hata ukifua. Tukaufunga leso yake moja, ya zamani, tukaushusha. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama mbali, penye ng'ombe. Hakuomba. Lakini alivua kofia, na hilo nililiona.

Lile pipa lilikuwa bado limejaa. Watoto walikuwa hawajaligusa, wakisema ni la mama. Sikuweza kuyanywa maji yale, sikuweza kuyamwaga. Shemeji ndiye aliyelipindua siku ya kuondoka, na maji yakafuata njia yao, yakapita kwenye kahawa mpaka mferejini, kuelekea kule kule.

Nilishuka tena mara nyingi baada ya hapo. Mwanzoni nilikwenda na watu, halafu na shemeji, halafu peke yangu. Yule kijana mrefu hakuchoka kunionyesha mahali mchanga ulipohama. Mvua zikaja nyingine, mto ukashuka tena, na kila ukishuka uliufunika ule mchanga niliokwisha kuupima kwa mchanga mwingine. Nilikuwa kama mtu anayefagia uwanja kwenye upepo. Mwisho yule kijana aliniambia, kwa sauti ya chini, "Mzee, rudi kwa watoto."  Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi na aliniita mzee, na siku hiyo nilikubali.

Sasa nieleze huu mchanga ulioko kwangu uani, kwa sababu watu wa hapa wanausema na kila mtu anausema kwa njia yake.

Miaka ilipita. Udongo juu ya ule mgomba ukatitia, maana mgomba huoza upesi kuliko mtu, na pakawa na shimo dogo linaloshika maji. Shemeji alisema haifai, tuweke saruji, paonekane ni mahali pa mtu. Yeye ni fundi, kazi angeifanya bure. Nikakubali. Akaagiza mchanga, lori moja, na lori likaja likamwaga uani na kuondoka. Kabla halijaondoka nilimuuliza dereva mchanga umetoka mto gani. Akaniambia umetoka huko chini. Nikamuuliza, huko chini wapi? Akasema, "Mzee, mchanga ni mchanga," na hakusema kwa ubaya. Alikuwa na safari nyingine.

Lakini nilipouchota mkononi niliujua. Au nadhani niliujua. Ulikuwa mweupe na una vile vijiwe vidogo vinavyometameta, na nimezamisha chuma kwenye mchanga huo siku nyingi kuliko nilivyolima shamba. Inawezekana mito yote ya kule ina mchanga wa namna hiyo. Sikatai.

Mafundi huchekecha mchanga kabla ya kuchanganya na saruji. Shemeji alikuja na chekeche lake la waya, akaliegemeza kwenye mti, akachukua koleo. Nikamwambia aniachie. Alidhani nataka kumsaidia. Nilianza kurusha mchanga kwenye waya, koleo moja moja, na baada ya kila koleo naacha, nainama, naangalia kilichobaki juu. Mawe madogo. Vijiti. Kipande cha ganda la konokono. Nakipokea mkononi, nakigeuza, nakiweka kando. Shemeji alinitazama muda, halafu akaelewa, akakaa chini na kugeuza uso.

Sikumaliza siku ile. Alirudi wiki nyingine, nikamwambia bado. Alirudi tena na saruji, ikakaa mpaka ikaganda kwenye mfuko wake. Niliumaliza mchanga wote na hamkuwa na kitu. Halafu nikafikiri, vipi kama kulikuwa na kitu kidogo kikapita kwenye waya? Kishikizo. Ushanga wa shingoni. Nikatafuta waya wenye matundu madogo zaidi nikaanza upya. Sasa nimeupitisha mara nyingi, na kuku wanauchakura, na mvua kubwa ikija huuchukua kidogo na kuuteremsha kwenye mfereji, nami nakimbia na mabati kuuzuia.

Watoto wamekuwa wakubwa na hawaniulizi. Majirani wanasema mzee amekataa kumjengea mkewe kaburi. Ninawaelewa; kwa macho yao ndivyo ilivyo. Mzee wa kanisa alikuja, amezeeka sasa, akasimama kando ya lile rundo na fimbo yake. Akaniambia nimwachie Mungu. Nikamwambia ninajaribu. Hakuondoka mara moja. Alivua kofia, kama siku ile.

Wiki iliyopita shemeji alikuja na mfuko mpya wa saruji. Hakuuliza kwa hasira. Aliweka mfuko ndani, mahali pakavu, akatoka akasimama karibu nami.

"Umekwisha?" akasema.

Nilikuwa na koleo mkononi. Nikageuka nikautazama mlima kwanza, kama wanavyofanya watu wa chini. Ulikuwa umefunikwa, mweusi.

"Bado," nikamwambia. "Nisaidie kuufunika mchanga."